Wiki Moja Mwisho wa Reli: Kupanga Matembezi ya Taratibu Ujiji, Kigoma na Ilagala

Manispaa ya Kigoma Ujiji ina miji miwili ya umri tofauti. Ujiji ni mji wa misafara: hapo ndipo ilipoishia njia iliyoanzia Bagamoyo na kupita Tabora, kabla ya watu na mizigo kuvushwa ziwa kwenda Umanyema. Kigoma ni mji wa reli na bandari, uliokua baada ya Wajerumani kufikisha Reli ya Kati kwenye ghuba yake mwaka 1914. Kati ya miji hiyo ni kama kilomita nane tu. Ukishuka kusini, mahali Mto Malagarasi unapomwaga maji yake Ziwa Tanganyika, ipo Ilagala, nchi ya michikichi, mihogo na kivuko. Wageni wengi hupita Kigoma wakiwakimbilia sokwe wa Gombe, wakalala usiku mmoja na kuondoka. Ujiji huambulia nusu saa ya kupigwa picha mbele ya mnara, na Ilagala haiambulii kitu.

Anayetaka kukaa wiki nzima bila kuchoka aanze na uamuzi mmoja: kulala mahali pamoja. Kuhamahama kila siku na mabegi hula asubuhi nzima, na asubuhi ndiyo saa yenye thamani kuliko zote kando ya ziwa. Chumba kimoja kati ya Kigoma mjini na eneo la Mwanga kinatosha kwa siku zote saba, au sita iwapo usiku mmoja utatengwa kwa ajili ya Ilagala au Gombe. Uamuzi wa pili ni jambo moja kwa siku. Hilo huonekana uvivu kwenye karatasi, lakini ziwa halina ratiba: boti huchelewa, upepo huamka, gari hungoja lijae. Mwenye jambo moja kwa siku hapati hasara boti ikichelewa saa mbili. Mwenye matatu huanza kugombana na watu.

Majira ya kusafiri yanahitaji kufikiriwa zaidi kuliko vitabu vya watalii vinavyosema. Mvua za Kigoma huanza karibu na Novemba na kwenda hadi Aprili au mwanzo wa Mei, kwa hiyo ushauri wa kawaida ni kwenda kiangazi, Juni hadi Septemba. Kwa barabara ni kweli. Kwa ziwa, miezi hiyo ndiyo ya upepo wa kusini, nao ukivuma mchana huinua mawimbi yanayomlowesha abiria wa boti mpaka mifukoni. Juu ya hayo, tangu mwaka 2024 Tanzania, kwa makubaliano na Burundi, Kongo na Zambia, imeanza kufunga uvuvi ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Mgeni anayefika Julai akiwa na hamu ya mgebuka mbichi na mwalo uliojaa dagaa atakuta mitego imeanikwa na wavuvi wamekaa. Wiki bora kwa mtu asiye na haraka ni zile za mwisho wa Agosti hadi Oktoba: uvuvi umefunguliwa, upepo umeanza kutulia, barabara ya Ilagala bado kavu. Kasoro yake ni ukungu wa vumbi na moshi wa mashamba, unaoficha milima ya Kongo siku nyingi. Anayetaka kuiona milima hiyo waziwazi jioni na aje mvua zikishaanza, akubali matope.

Kuna kalenda nyingine ambayo wenyeji huitumia na wageni huisahau, nayo ni ya mwezi. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na za sola, ila kanuni ni ileile: mwanga huwavuta samaki juu wakati kila kitu kingine ni giza. Usiku wa mbalamwezi taa hazina nguvu, na vipe, yale maboti ya kuvulia dagaa, hupumzika siku kadhaa. Anayetaka kuona mstari wa taa ziwani usiku, na asubuhi yake dagaa wakimwagwa ufukweni kukaushwa, asipange wiki yake iangukie katikati ya mwezi mwandamo. Kalenda ya Kiislamu inatosha kumwonyesha: tarehe 13 hadi 15 ni za kuepuka, na zile za mwanzo na mwisho wa mwezi ndizo za kuchagua. Kalenda hiyohiyo itamkumbusha Ramadhani, ambapo Ujiji, mji wenye Waislamu wengi, hukaa kimya mchana na kuamka baada ya futari.

Kufika kunagharimu pesa au muda. Ndege kutoka Dar es Salaam ni safari ya saa chache. Mabasi huunganisha Kigoma na Tabora, Dodoma, Kahama na Mwanza, na safari ndefu kati ya hizo ni za kutwa nzima au zaidi. Treni ya reli ya zamani husafiri takribani kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam hadi mahali ambapo reli inakoma hatua chache kutoka majini. Ndiyo maana Kigoma huitwa mwisho wa reli. Ni safari ya karibu siku mbili. Treni ya kisasa iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 inafupisha kipande cha Dar es Salaam hadi Dodoma, na kuanzia hapo msafiri huendelea kwa basi. Kwa vyovyote vile siku ya kufika isihesabiwe. Ni siku ya kuoga, kula na kulala.

Jambo la kwanza litakalomshangaza mtu wa pwani ni jua. Kigoma hutumia saa za Dar es Salaam ilhali iko mbali sana magharibi, hivyo jua huchomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama karibu saa moja usiku, kama dakika arobaini nyuma ya Dar es Salaam. Jioni ni ndefu, na mipango ya machweo isiwekwe saa kumi na mbili. Burundi na Kongo ziko nyuma kwa saa moja, na simu iliyonasa mnara wa ng'ambo inaweza kubadili saa yenyewe bila kumwambia mwenye simu. Kwa mtu mwenye boti ya kuwahi, saa ya mkononi ni salama zaidi.

Ujiji inastahili siku mbili, tena zisizofuatana. Siku ya kwanza iwe ya historia. Daladala kutoka Mwanga humshusha mgeni karibu, naye huteremka kwa miguu kuelekea kumbukumbu ya Dk. Livingstone, penye mnara na jumba dogo la makumbusho chini ya miembe. Inaelezwa kuwa miembe hiyo ni vizazi vya ule mwembe ambao chini yake Henry Stanley alikutana na David Livingstone mwishoni mwa 1871. Livingstone alikuwa amefika Ujiji mara ya kwanza mwaka 1869. Mwaka 1871 alirudi kutoka Umanyema akiwa mgonjwa, na bidhaa alizotumiwa alizikuta zimekwisha kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa kuzitunza. Baadaye wote wawili walipanda mtumbwi hadi ncha ya kaskazini ya ziwa, wakaona kwamba Mto Rusizi unaingia ziwani wala hautoki, na hivyo wakavunja dhana kwamba ziwa hilo linalisha Nile kupitia mto huo.

Maelezo ya makumbusho humpa Livingstone nafasi kubwa, na mgeni makini atauliza habari za wengine. Wapelelezi Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858, na waliikuta njia ya misafara tayari ikitembea, hawakuifungua wao. Walioitembea kila mwaka ni wapagazi wa Kinyamwezi na wafanyabiashara wa pwani, na pamoja nao watu waliotekwa ng'ambo ya ziwa na kushushwa hapa wakiwa watumwa, kabla ya safari ya miguu ya miezi kwenda pwani. Pembe za ndovu zilipita njia hiyohiyo. Njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe imo tangu 2006 katika orodha ya awali ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia, na Ujiji ni kimoja cha vituo vyake. Walinzi wa kumbukumbu hii wanazo habari hizo, lakini husubiri waulizwe.

Jambo linalowatatiza wengi ni umbali. Mahali palipokuwa soko la ufukweni sasa pako mbali na maji, na mgeni hudhani ameonyeshwa siko. Sababu iko kwenye ziwa lenyewe. Katika miaka ya 1870 maji yalikuwa juu sana, kisha yakabomoa kizuizi cha Mto Lukuga upande wa Kongo yakaanza kutoka, na kufikia miaka ya 1890 ziwa lilikuwa limeshuka kwa mita kama kumi. Ufukwe wa Ujiji ni tambarare, hivyo maji yakishuka kidogo tu nchi kavu huongezeka sana. Hiyo pia ni sehemu ya sababu Wajerumani walipeleka reli kwenye ghuba ya Kigoma, yenye kina na kinga dhidi ya upepo, wakauacha mji mkongwe pembeni. Katika miaka ya karibuni ziwa limepanda tena na kumeza nyumba na barabara za kandokando, kwenye mwalo wa Kibirizi na penginepo. Kwa hiyo ramani ya ufukwe iliyochorwa miaka kumi iliyopita isiaminiwe.

Siku ya pili ya Ujiji haina mpango, na haipaswi kuwa nao. Iangukie baada ya siku ya safari ndefu. Mgeni aende asubuhi ufukweni, wanakounda maboti ya mbao kwa tezo, msumeno na nyundo, kisha apande mitaani polepole. Nyumba nyingi za zamani ni za Kiswahili hasa: ukumbi wa katikati, vyumba pande mbili, kibaraza mbele. Kiswahili kimezungumzwa hapa tangu enzi za misafara, na Wamanyema, Waha na watu wa asili ya pwani wamechanganyika kiasi kwamba mzee mmoja aliyeketi barazani anaweza kueleza ukoo wake kupitia Kasongo, Tabora na Bagamoyo. Mazungumzo ya namna hiyo hayapatikani kwa anayepita na kamera mkononi. Yanaanza kwa shikamoo, au kwa asalaam aleikum, na kwa kukubali kukaa ukikaribishwa. Mavazi ya staha ni wajibu, na Ijumaa mchana ni vizuri kutulia hadi swala iishe.

Kigoma mjini kunatosha nusu siku. Stesheni ya reli ni jengo la Kijerumani lililosimama chini ya Barabara ya Lumumba, na barabara hiyo hupanda kilima chini ya miembe hadi Mwanga. Bandarini iko meli ya MV Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye maelfu ya makasha na kuletwa kwa bahari na reli, kisha ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isiangukie mikononi mwa adui, baada ya kuipaka injini grisi. Waingereza wakaiinua 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina lake la sasa. Katika miaka ya karibuni imekaa bandarini kwa ajili ya ukarabati, kwa hiyo mpango wa wiki usijengwe juu ya safari ya Liemba kabla ya kuuliza bandarini kama imerudi kazini. Bandari hii ina kisa kingine kisichotajwa sana: baada ya Wabelgiji kuuteka mji mwaka 1916, mkataba wa 1921 uliwaachia eneo la bandari kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili mizigo ya Kongo na Burundi ipite. Na ni kutoka Kigoma ambapo Che Guevara alivuka ziwa usiku Aprili 1965 kwenda kuwaunga mkono waasi wa Kongo. Picha za bandari na stesheni zisipigwe bila ruhusa. Walinzi hawana mzaha na hilo.

Gombe inahitaji siku nzima, na ni afadhali iwe ya tatu au ya nne, mgeni akishazoea joto. Hifadhi hii ndogo, takribani kilomita 50 za mraba, ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968, miaka minane baada ya Jane Goodall kutua hapo Julai 1960 na kuona sokwe wakitumia vijiti kuvua mchwa. Kuna njia mbili za kwenda. Boti za kukodi hutoka asubuhi na kurudi jioni, ghali lakini rahisi. Boti za abiria kutoka Kibirizi hutoka mchana kuelekea vijiji vya kaskazini, ni nafuu sana, na kwa kuwa hurudi siku ya pili humlazimu mgeni kulala hifadhini. Jumapili zisitegemewe. Ada hulipwa kabla, kwa kumbukumbu namba ya malipo na si kwa fedha taslimu, na raia wa Afrika Mashariki hulipa sehemu ndogo tu ya anachotozwa mgeni wa nje. Ukiwakuta sokwe, muda ni saa moja, barakoa huvaliwa, na umbali hutunzwa, kwa kuwa mafua ya binadamu yanaweza kuwaua. Mwenye kikohozi aahirishe. Vilima vya Gombe ni vikali. Wenye magoti mabovu hawajapoteza kitu wakiiacha hifadhi na kuihamishia siku hiyo Ilagala.

Ilagala iko kama kilomita 40 kusini kwa kukata moja kwa moja, na zaidi kidogo kwa barabara inayopita Simbo kuelekea Kalya. Kiangazi ni vumbi, masika ni utelezi. Magari ya abiria hutoka asubuhi, na anayetaka kurudi siku hiyohiyo apande la mapema na aulize palepale gari la mwisho ni saa ngapi. Kulala usiku mmoja katika gesti ya kawaida ni bora zaidi: mto una sura moja mchana na nyingine alfajiri.

Malagarasi ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Tanganyika. Huanzia mpakani mwa Burundi, huzunguka kwa mbali kupitia mabwawa makubwa yaliyokuwa eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa katika mkataba wa Ramsar mwaka 2000, kisha hugeuka magharibi na kupita Uvinza. Wanajiolojia husema mto huu ulikuwepo kabla ya bonde la ufa kuzama na ziwa kutokea. Ilagala unavukwa kwa kivuko cha serikali, MV Malagarasi, kinachoendeshwa na wakala wa serikali TEMESA hadi Kajeje ng'ambo ya pili. Hapo pa kusubiria ndipo pa kukaa. Pikipiki, mbuzi, madumu ya mawese, magunia ya muhogo mkavu na wanafunzi wote hupita lango hilo moja, na saa mbili za kukaa kivulini zitamfunza mgeni uchumi wa mwambao wa kusini vizuri kuliko ripoti yoyote. Kulipa ili kuvuka mto huu ni desturi ya kale: Stanley alipouvuka sehemu za Uvinza mwaka 1871 alibishana sana na wenye mitumbwi juu ya malipo, na mamba akamnyakua punda wake mmoja majini. Mamba bado wapo, na viboko pia. Mtu asioge mtoni wala kwenye mdomo wa mto, hata akiona watoto wanaoga, na asipande mtumbwi uliojaa kupita kiasi kwa kukosa subira ya kivuko.

Kitu cha pili cha kuona Ilagala ni michikichi. Matunda huchemshwa, hupondwa na kukamuliwa, na hutoa mawese mekundu. Kokwa zake hupasuliwa na kutoa mafuta mengine, ya mise, yanayotumika zaidi kwa sabuni. Michikichi mingi ni ya asili, yenye kokwa nene na nyama kidogo. Tangu 2018 serikali imesukuma kilimo cha mbegu ya tenera, yenye nyama nyingi, kupitia kituo cha utafiti cha Kihinga, na katika baadhi ya mashamba tofauti huonekana kwa kuwekwa matunda mawili kiganjani. Anayetaka kuingia kwenye kinu au shambani apite kwanza kwa mtendaji wa kijiji, ajitambulishe na aonyeshe kitambulisho. Mkoa huu unapakana na nchi nyingine, na maswali kwa mgeni ni ya kawaida.

Siku inayobaki ni ya maji na chakula. Fukwe za mawe na mchanga upande wa Katonga zina maji maangavu ya kuogelea; sehemu zenye matete na zilizo karibu na makazi ziachwe, kwa sababu ya kichocho. Soko la Mwanga lina vitenge vinavyotoka Kongo, na bei yake hujadiliwa bila haraka. Mezani, kitu cha kuomba ni ugali wa muhogo kwa mgebuka au kuhe, na sombe, yaani majani ya muhogo, iliyoungwa kwa mawese. Tumbo lisilozoea mawese lianze na kidogo. Chandarua ni lazima kila usiku, kwani malaria ipo mwaka mzima. Benki na mashine za kutolea pesa ziko Kigoma. Ilagala ni mawakala wa simu, na huishiwa fedha, hivyo noti ndogondogo zitolewe mjini kabla ya safari.

Tiketi ya kurudi ikatwe mapema, si siku ya mwisho, kwa kuwa treni na ndege hujaa karibu na sikukuu na shule zinapofungwa. Dagaa wa kubeba wanunuliwe wakiwa wakavu hasa: mkono ukiwafinya wavunjike, wasipinde. Wafungwe kwenye mfuko wa karatasi ndani ya gunia, kwani plastiki huwatoa jasho na kuwaozesha njiani. Mawese huganda kwenye baridi na kuyeyuka kwenye joto la basi, kwa hiyo dumu lisijazwe hadi juu, kifuniko kizungushiwe mfuko na kufungwa kwa mpira, na chombo kisimame wima chini ya kiti. Wanaorudi kwa ndege waulize kwanza, maana baadhi ya mashirika hukataa vimiminika vya mafuta hata kwenye mizigo ya chini, na dumu huishia kwa dereva wa bajaji aliyewaleta uwanjani.